Mnaunguza nguo wenyewe halafu mnasema kitambaa ni feki

Wakuu, heshima mbele.

Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za "pasi gani nzuri ninunue". Hapa shida si pasi. Shida ni mkono unaoishika.

Malalamiko ni yale yale kila siku. Suruali nyeusi inang'aa mapajani kama sufuria mpya. Abaya ina alama ya pasi kifuani. Kola ya shati jeupe imekuwa rangi ya chai. Kisha mtu anahitimisha: vitambaa vya siku hizi feki. Feki gani? Poliesta umeipitishia pasi ya nyuzi joto 200 ikiwa kavu kama biskuti, ulitaka ikushukuru?

Kile kiduara cha joto kina vidoti vitatu, na si mapambo. Kidoti kimoja ni kama nyuzi 110, viwili 150, vitatu 200. Nailoni ni kidoti kimoja. Poliesta, hariri na sufu ni viwili. Pamba na kitani ndiyo vitatu. Mchanganyiko wa poliesta na pamba, ambao ndio sare nyingi za shule na mashati mengi ya kazini, unafuata joto la yule dhaifu, hata kama lebo inasema pamba ni nyingi.

Sasa angalia kinachofanyika majumbani. Pasi inawekwa juu kabisa, inaanza jinsi, inafuata khanga, halafu mtu anakumbuka blauzi ya shifoni. Anazungusha kiduara hadi chini na papo hapo anailaza pasi juu ya blauzi. Jamani, lile bamba ni chuma. Linapanda joto upesi na kupoa linajivuta. Taa ikizimika haina maana imepoa, ina maana imefikia joto na imekata umeme kwa muda. Panga nguo mafungu matatu kabla hujachomeka waya, anza na laini, malizia na pamba. Hapo huhitaji kusubiri ipoe, na huhitaji kununua blauzi nyingine.

Kingine ni ukavu. Mnaanua nguo jioni zimekauka hadi zinakwaruza, mnazirundika kwenye kiti wiki nzima, asubuhi saa kumi na mbili mtu anachomoa shati moja na kuanza kupambana nalo. Pamba kavu hainyooki kwa joto peke yake. Inanyooka kwa unyevu ukishirikiana na joto na uzito. Ukikosa unyevu unaongeza joto, ukiongeza joto unaunguza. Anua ikiwa mbichi kidogo, au kama imeshakauka nyunyiza maji kwa chupa ya spreyi, izungushe kama unasokota chapati, itie kwenye mfuko wa plastiki kwa dakika 20 hadi 30. Maji yatasambaa yenyewe. Lakini usiilaze humo hadi kesho yake, kwa joto letu itanuka uvundo.

Na hiyo tabia ya kupuliza maji kwa mdomo, acheni. Matone ni makubwa, hayalingani, na kwenye satini yanaacha madoa.

Mng'aro kwenye suruali na abaya nyeusi si uchafu, sabuni haiuondoi. Vinyweleo vya kitambaa vimelazwa, na kama ni poliesta vimeanza kulainika kwa joto. Sufu unaweza kuiokoa kwa mvuke na brashi. Poliesta ikishalainika ndiyo basi tena. Dawa ni kugeuza nguo ndani nje, au kutandika kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati ya pasi na nguo. Kipande cha shuka kuukuu kinatosha, hakigharimu kitu, na bado watu hawataki.

Suruali sasa. Mistari miwili mguu mmoja! Mtu anatembea na reli ya TAZARA mapajani na anajiona amenyooka. Inatokea kwa sababu mnakunja kwa kukisia. Anza na mifuko na kiuno, suruali ikiwa ndani nje. Ukiigeuza, shika mguu mmoja, lazimisha mshono wa ndani na wa nje vilingane kuanzia chini hadi gotini, ndipo mkunjo wa mbele utakaa mahali pake wenyewe. Kama mstari wa zamani upo, ufuate. Kama ulikosewa, ufute kwanza kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupiga mpya. Na hapo unabonyeza na kuinua, hausugui. Kusugua kwa kuzungusha kunavuta kitambaa nje ya uelekeo wa nyuzi zake, ndiyo maana mguu mmoja unaanza kupinda.

Kola mnaipiga kutoka katikati kwenda kwenye ncha, kisha mnashangaa ncha ina vikunjo. Ni kinyume. Anza upande wa chini ya kola, toka ncha kuelekea katikati, halafu geuza urudie juu. Baada ya kola ni mabega, mikono, kisha mwili, ili sehemu kubwa zisirudi kukunjamana ukishamaliza. Penye vifungo piga kwa ndani.

Ile kola ya rangi ya chai nayo mara nyingi chanzo kiko kwenye beseni. Sabuni isiyosuuzwa inageuka kahawia ikikutana na joto. Jiki iliyobaki inageuka njano. Doa la jasho au la chai ukilipitishia pasi unaligandisha. Suuza hadi maji yatoke meupe, na nguo yenye doa irudi kwenye maji, isiende kwenye pasi.

Mnaojaza maji ya kisima chenye chumvi kwenye pasi ya mvuke, msilie vitundu vikitema uchafu wa kahawia kwenye kanzu nyeupe. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchujwa yanafaa zaidi. Ukimaliza, mwaga yaliyobaki pasi ikiwa bado ya vuguvugu.

Kukunja ndiko kunanichefua kuliko vyote. Nguo imetoka kwenye pasi ina joto na mvuke ndani, mtu anaikunja hapo hapo na kuitupia kabatini chini ya nyingine kumi. Makunyanzi mapya yanaingia ikiwa laini, unyevu unafungiwa, na masika yakifika unaanza kuuliza vidoadoa vyeusi vimetoka wapi. Itundike dakika tano hadi kumi ipoe. Kabla ya kukunja gusa kiuno, upindo na ndani ya mifuko, maana huko ndiko kunakochelewa kukauka. Kabati usiligandamize ukutani, hewa ipite nyuma.

Khanga mnazikunja ovyo, kila moja na ukubwa wake, halafu kutafuta moja mnapangua rundo zima. Khanga ina pindo, mji na jina. Kunja doti zote kwa kipimo kimoja, na mkunjo wa mwisho uache jina nje. Unasoma rundo kama vitabu rafuni. Zile za kuhifadhi zifunguliwe kila baada ya miezi michache na kukunjwa kwa mistari mingine, kwa sababu kitambaa kikikaa na mkunjo mmoja miaka na miaka hukatika pale pale.

Sweta haitundikwi, inavutika mabega. Fulana yenye maandishi haipigwi pasi juu ya maandishi.

Na vidonge vya naftalini kwenye nguo za mtoto mchanga, wakuu, hapana. Ule mvuke unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe hizo), hali ambayo si ngeni huku kwetu kwenye malaria. Nguo za mtoto ziwekwe bila vidonge kabisa.

Nimalizie na wanaopiga pasi taulo, soksi na chupi. Mnamkomoa nani, mita ya umeme ya Luku?

---

Fundi Soketi:
Mkuu umegonga, ila umeruka jambo linalounguza nyumba, si shati.

Pasi ya mvuke ya wati 2200 kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu ampia 9.6. Zile ekstensheni za bei chee zina waya wa milimita 0.75 za mraba, ambao unabeba ampia 6 hivi. Humo humo kuna friji na runinga. Waya ukiwa umeviringishwa ndiyo unapika zaidi, joto halina pa kutokea. Shika plagi baada ya dakika kumi: ikiwa ya moto, acha. Pasi ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, peke yake.

Halafu kuna ugonjwa wa umeme kukatika. Mtu anapiga pasi kitandani, umeme unakatika, anaiacha imelala juu ya blanketi na kwenda zake. Umeme unarudi saa nane mchana hakuna mtu nyumbani. Umeme ukikatika, kabla hujaguna, CHOMOA. Simamisha pasi kwenye kisigino chake. Meza na blanketi lililokunjwa mara mbili ni bora kuliko godoro mara mia, na godoro la sponji linashika moto vibaya sana.

Kuhusu Luku: pasi ya wati 1200 ikivuta saa nzima mfululizo ni uniti 1.2, japo kwa kweli inakata na kuwaka. Kinachokula ni kuipasha upya kila asubuhi kwa shati moja. Piga za wiki kwa mkupuo.

---

Mama Mapacha:
Mwenye uzi, mengine yote nakuunga mkono, ila hilo la chupi futa. Na ongeza nepi.

Kuna nzi anaitwa tumbu, wataalamu wanamwita Cordylobia anthropophaga. Anataga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja hadi tatu, buu likigusa ngozi yenye joto linazama, unaona kijipu chenye tundu katikati. Watoto wanaambiwa ni jipu la kawaida kumbe kuna kiumbe kinapumua mle.

Sasa watu wanapiga pasi gauni linaloonekana na mgeni, nepi na chupi zinavaliwa hivyo hivyo. Hizo ndizo za kwanza! Pasi ya moto, pande zote mbili, na ukawie kwenye mishono, upindo na kiunoni kwa sababu mayai yanajificha kwenye mikunjo. Asiye na pasi aanike juani kabisa kwenye kamba, asitandaze kwenye majani wala chini. Au nguo zikishakauka zikae bila kuvaliwa zaidi ya wiki mbili, mabuu yafe yenyewe.

---

Jogoo wa Mkaa:
Sisi wa pasi ya mkaa mmetusahau kama kawaida.

Tusiojua tunachochea ndani na kupepea juu ya nguo, majivu yanaruka, cheche inatoboa kanzu. Mkaa uwashwe nje hadi uwe mwekundu wote na moshi uishe, ndipo utiwe kwenye pasi, ujaze nusu hadi robo tatu. Ukitaka kupepea, toka nayo nje. Haina kiduara, kwa hiyo pima kwenye kitambaa chakavu cha pamba: kikibadilika rangi, subiri. Ipitishe kwenye jani la mgomba, bamba linateleza na masizi yanatoka. Na usifunge chumba madirisha yote, gesi ya mkaa haina harufu na inaua.

Swali kwa mwenye uzi: stachi ikigandia kwenye bamba inatolewaje? Watu wanasugua kwa stili wulu.

---

Mwenye uzi:
Mama Mapacha, hapo nimesalimu amri. Chupi na nepi zipigwe. Taulo bado nakataa: vile vinyuzi vikilazwa halinyonyi maji vizuri. Likianikwa juani kamba ya juu, linatosha.

Fundi Soketi, mods wakiweza waibandike hiyo ya kuchomoa pale juu.

Jogoo, stili wulu kwenye bamba la kawaida inaacha michubuko inayonasa nyuzi, na kwenye lile lililopakwa la kutoshika inang'oa kabisa ule upako. Pasi ikiwa vuguvugu tu, chovya kitambaa cha pamba kwenye siki, futa, rudia. Ikikataa, chomoa, iache ipoe, paka magadi ya kuokea yaliyokorogwa na maji kidogo kama uji mzito, futa kwa kitambaa laini. Vitundu vya mvuke uvizibue kwa kijiti cha pamba. Halafu jaribu kwenye kitambaa chakavu kabla ya nguo.

Ila chanzo ni kwamba stachi inapigwa ikiwa bado majimaji, au imekolezwa mno. Uji wa wanga wa muhogo kwa shati uwe mwepesi kama maziwa. Kanzu ndiyo uongeze kidogo. Chuja mabonge, chovya nguo, kamua, anika hadi ikauke, ndipo unyunyize maji na kuipiga. Na stachi iwe ya mwisho kwenye foleni ya pasi, baada ya pamba tupu, ili hata bamba likichafuka usiwe na nguo nyingine ya kupakaza.