Mrejesho: sili ya nyuma ya krenki, Massey Ferguson 135

Wakuu, ile sili (kizuia oili kwenye mwisho wa nyuma wa krenki, yaani shafti kuu ya injini) niliyoulizia ya trekta la huku Iringa, injini Perkins AD3.152 inayomwaga oili kwenye klachi, imepatikana Mwanjelwa, Mbeya. Tatizo lilikuwa namna ya kuulizia. Ukisema "sili ya nyuma" tu unapewa ya mpira, ya duara. Injini hii ilitoka na ya kamba, vipande 2, vinavyokaa kwenye nusu mbili za kifuniko cha sili. Nenda na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, na kifuniko chenyewe mkononi.

Kufunga ndiko kwenye kazi. Bana kila nusu ya kifuniko kwenye jiliwa, ingiza kamba kwa kuanzia ncha zote mbili, kila ncha ichomoze milimita 0.25 hadi 0.5, kisha shindilia sehemu iliyobaki ukianzia katikati, umalizie kwa chuma cha mviringo. Ncha hizo usizikate kabisa! Zikilingana na chuma, kamba hazibanani pale nusu zinapokutana, na oili inapita hapohapo. Paka grisi ya grafaiti, funga, zungusha krenki kwa mkono uone haigomi. Sahani ya klachi iliyolowa oili badilisha kabisa. Ukiiosha kwa petroli itateleza tena, na trekta utalipasua (kulitenganisha katikati) upya.