Nani ana kitabu cha Baba?

Kikundi: WATOTO WA MZEE BAKARI

Zuhura (20:14): Asalaam aleikum. Jamani, nani ana kile kitabu cha Baba, Adili na Nduguze? Kile alichokishona kwa uzi wa katani.

Salimu: Waaleikum salaam. Shikamoo dada. Mimi sina. Si tulisema kililiwa na mchwa?

Zuhura: Marahaba. Aliyesema mchwa ni wewe. Leo nimepata kingine kwa muuza vitabu vya mitumba, elfu tatu. Tangu alasiri sijainuka, maharage yameungua.

Tatu: Shikamoo shangazi. Ndiyo kile cha Shaaban Robert? Shuleni tumetajiwa tu, 1952, basi.

Zuhura: Marahaba mwanangu. Ndicho. Mtu wa kwetu huyo, kazaliwa Vibambani hapa Tanga. Babu yako alitusomea mkekani, kibatari katikati. Baba yako mkubwa Rama ndiye mwenye sauti ya nyani.

Salimu: 😂😂 Huu huu huu! Mpaka Mama anamchapa na kanga.

Bi Mwanaisha: hamjambo wanangu mimi nakumbuka ule mji wa watu waliogeuka mawe nilikuwa siendi chooni peke yangu

Zuhura: Shikamoo shangazi. Leo pia nywele zimenisimama. Mji mzima mawe, na yule msichana Mwelekevu peke yake anapumua. Lakini kilichonikalisha ni wale nyani.

Tatu: Nyani gani?

Zuhura: Adili ni liwali wa Janibu. Sarahani, mjumbe wa Mfalme Rai, kaja kuchukua kodi, usiku akamchungulia. Anamwona liwali anawachapa nyani wawili. Kumbe ni kaka zake, Hasidi na Mwivu. Walimtosa Adili baharini kwa kumwonea wivu juu ya huyo Mwelekevu. Jini Huria akawageuza nyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku, asipowachapa atachapwa yeye.

Salimu: Na sisi tulivyokuwa tunashangilia! "Ongeza, Baba, ongeza!"

Zuhura: Ndiyo. Sasa leo nasoma, kumbe akishawachapa anawafuta machozi, anawalisha, na yeye analia. Hapo mimi sipakumbuki kabisa. Nakumbuka viboko tu.

Salimu: Labda Baba alikuwa anaparuka.

Zuhura: Baba aruke? Yule hakuruka hata nukta.

Bi Mwanaisha: hakuruka alikuwa anasita hapo anajifanya anapandisha utambi nyie mnacheka

Zuhura: ...

Zuhura: Shangazi, hilo hujawahi kutuambia.

Bi Mwanaisha: hamjaniuliza

Zuhura: Na kabla ya hayo yote, kaka zake walipofilisika, Adili aliwagawia mali yake. Sisi minazi kumi na tisa imetutosha kununiana miaka mitatu.

Salimu: Dada, tafadhali. Siyo humu.

Zuhura: Humu ndimo. Rama anasoma, alama za buluu naziona.

Salimu: Aliuza bila kutuuliza.

Zuhura: Aliuza. Nimesema hakuuza? Nauliza tu tumemchapa mara ngapi humu. Mwenzetu Adili aliamrishwa na jini. Sisi nani katuamrisha?

Salimu: Sawa, lakini na mimi nimesoma. Kwenye Alfu Lela U Lela kuna hadithi yenye mifupa hiyohiyo. Kule wale ndugu wanasamehewa, halafu wanamgeuka tena.

Zuhura: Najua. Shaaban naye alijua. Wa kwake akawaacha wapone.

Tatu: Kwa hiyo wanarudi kuwa watu??

Zuhura: Mfalme Rai anawaombea. Aa, nimekuharibia mwanangu. Kisome hivyohivyo, utakuja Jumamosi ukichukue.

Tatu: Baba umenyamaza.

Salimu: Nakula.

Rama (21:52): [picha]

Zuhura: Rama!

Zuhura: Hiyo si katani ya Baba hiyo?

Rama: Shikamoo dada. Shikamoo shangazi. Kiko kwangu tangu arobaini ya Baba. Mchwa wamesingiziwa. Tazameni picha vizuri, hapo alipokuwa anapandisha utambi pana doa la mafuta ya taa.

Zuhura: Marahaba mdogo wangu.

Salimu: Shikamoo kaka.

Rama: Marahaba.

Rama: Huu huu.

Bi Mwanaisha: rama sauti imekuharibika zamani ulikuwa unalia vizuri