Je, maktaba za vyuo vikuu ziache kununua vitabu vya karatasi?

Ndugu zangu, siku hizi inatolewa hoja kwamba fedha zote za maktaba za vyuo vikuu vyetu zielekezwe kwenye vitabu na majarida ya mtandaoni, kwa kuwa wanafunzi husoma kwenye simu na rafu zimebaki kukusanya vumbi. Neno ninalolipinga hapo ni "zote".

Manufaa yenyewe siyakatai. Mpango wa HINARI, ulioanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, umewafungulia wanataaluma wa tiba katika nchi maskini majarida ambayo vyuo vyao visingeweza kuyalipia. Tena karatasi huungua: tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake ya masomo ya Kiafrika.

Hata hivyo, kitabu kilichonunuliwa ni mali ya chuo, ilhali jarida la mtandaoni mara nyingi ni la kukodi, linalolipiwa kila mwaka kwa fedha za kigeni, na malipo yakikoma msomaji hufungiwa mlango hata kwa makala aliyoyasoma jana. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, yaani nyaya zinazotuletea intaneti, ilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, maktaba isiyo na rafu ina nini cha kumpa msomaji?

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa iweze kubeba vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya teknolojia katika maktaba za namna hiyo ni kuskani vilivyo vyetu: tasnifu, magazeti ya zamani, na miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu. Miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika huko London, ilikwisha kuwekwa mtandaoni, nasi twaisomea huko. Inaniuma kwamba iliyomo mikononi mwetu wenyewe ingali ikingoja, kwa maana hakuna mchapishaji wa ng'ambo atakayetufanyia kazi hiyo.

Basi mnaotetea mtandao pekee, naomba mnijibu: mwaka ambao bajeti itachelewa na malipo kukatika, mwanafunzi anayekamilisha tasnifu yake atasoma nini?