Mwalimu anayekuadhibu anaweza kuwa mshauri wako?

Mleta mada, Buruburu

Tuujadili ushauri nasaha katika shule za sekondari, hasa hizi za kutwa hapa Nairobi. Nani aifanye kazi hiyo? Msimamo wangu nautoa mapema: asiwe mwalimu anayemfundisha mtoto, anayemsahihishia mtihani, kisha anakaa katika kamati ya nidhamu inayomrudisha nyumbani.

Ushauri si jambo geni Kenya. Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu iliutaka. Viboko vilipopigwa marufuku 2001, kila aliyeuliza watoto watatiwa adabu vipi aliambiwa ushauri upo. Basi shule zikamteua mwalimu wa dini, au yeyote mwenye uso wa upole, akapewa ufunguo wa chumba na cheo. Vipindi vyake havikupungua.

Sasa tazameni jaribio hili la India. Katika wilaya ya Nalanda, jimbo la Bihar, shule 74 za sekondari za serikali ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa mshauri kutoka nje, mtu wa kawaida tu aliyefunzwa kazi hiyo. Kundi la pili, walimu wao wenyewe walifunzwa kufanya mambo yale yale. La tatu likaendelea na somo la kawaida la afya ya vijana. Mambo yenyewe hayakuwa makubwa: sanduku la malalamiko, gazeti la ukutani, vikundi vya wanafunzi, na mtu wa kuzungumza naye faraghani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Penye mshauri wa nje, wanafunzi waliiona shule yao kuwa mahali pazuri zaidi, uonevu ukapungua, dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, zikapungua. Penye mwalimu, hakukuwa na tofauti ya maana na zile shule zilizobaki na somo lao. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anaifanya.

Na hapa kwetu? Shamiri, shirika la afya ya akili ya vijana, walianza na majaribio madogo Kibera, kisha wakafanya utafiti wa vijana 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, matokeo yakatoka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Walioendesha vikao walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni, wala si madaktari. Vikao vinne, saa moja kila wiki. Waliopitia vikao hivyo walipata nafuu kuliko wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye.

Kwa nini basi tung'ang'anie mwalimu?

Mwalimu wa Kiswahili na Historia, Embakasi

Mimi ndiye huyo mwenye ufunguo wa chumba, kwa hiyo niruhusuni nijibu bila kubembeleza mtu.

Mleta mada anazungumza kana kwamba mtoto huja mwenyewe, akabisha hodi, akasema "nina sonona." Haji. Mimi humjua kupitia insha. Mpe kidato cha pili insha ya "Siku ambayo sitaisahau" uone utakayoyasoma: baba aliyeondoka, mjomba anayekuja usiku, njaa. Kijana wa vikao vinne atayasoma wapi hayo? Mimi nina darasa hilo miaka minne. Najua aliyekuwa akikaa mbele sasa amehamia nyuma, na aliyeacha kula saa ya chakula cha mchana.

Pili, mtoto akikwambia anadhulumiwa nyumbani, kazi haiishii kwenye kumsikiliza. Kuna afisa wa watoto, kuna polisi, kuna mzazi atakayekuja shuleni amekunja ngumi. Huyo kijana wenu wa miaka ishirini atasimama mbele ya mzazi huyo?

Bihar ni Bihar. Nipunguzieni vipindi, nipeni mafunzo ya kweli, halafu mje mnipime.

Mleta mada

Mwalimu, la insha nimelikubali kabisa, na sidhani kuna utafiti utakaolipinga. Mwalimu ndiye anayegundua. Ila kugundua ni kazi moja, kusikiliza siri ni nyingine. Nakuuliza kwa heshima: je, katika shule yako wewe umo kwenye kamati ya nidhamu?

Mwalimu wa Kiswahili na Historia, Embakasi

Nimo. Kila mkuu wa idara yumo. Na mara nyingi mimi ndiye ninayewatetea.

Nimemaliza kidato cha nne, Kayole

Heshima zako mwalimu, lakini hapo ndipo sisi tulikuwa tunakwama. Shuleni kwetu ofisi ya ushauri ilipakana na ya naibu mwalimu mkuu. Ukionekana umekaa kwenye lile benchi, darasa zima linauliza umefanya nini. Hakuna aliyekuja pale kwa hiari, wote walikuwa wametumwa. Umekosa kufika shule: ushauri. Umepatikana na simu: ushauri, halafu barua ya kumleta mzazi. Ushauri ulikuwa kituo cha kwanza cha adhabu.

Rafiki yangu alimweleza mwalimu jambo la mamake asubuhi. Kufikia saa nne majilisi yote ya walimu ilikuwa inalo. Mwalimu hakuwa mbaya, alikuwa anamtafutia msaada wa karo. Ila sisi tuliobaki tulijifunza kunyamaza.

Mzee wa Kariobangi

Hizi zote ni porojo. Sisi tulichapwa na tukawa watu. Mlipoondoa kiboko mwaka 2001, shule zikaanza kuungua. Mwaka 2016 peke yake zaidi ya mia moja zilichomwa. Mnataka utafiti gani tena?

Mleta mada

Mzee wangu, mtiririko wa miaka unakukataa. Shule ya St. Kizito, wasichana 19 walikufa mwaka 1991 walipovamiwa na wavulana wenzao. Nyeri High, viranja wanne walichomwa na wenzao mwaka 1999. Kiboko kilikuwa halali wakati wote huo, na kilitumika sana. Kyanguli, ambako wavulana 67 waliteketea Machi 2001, wanafunzi walikuwa na hasira ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa. Hiyo hasira haikuzaliwa na ukosefu wa fimbo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko, kwa hiyo hata tukitaka kurudi huko tutaanzia Bungeni.

Mama wa watoto watatu, Huruma

Mnazungumza vizuri. Wangu wa kati alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo ya chakula, akakaa siku kadhaa, aliporudi akaitwa ushauri aulizwe mbona amekuwa mtoro. Aliniuliza ajibu nini.

Mimi sijali kama mshauri ni mwalimu au ni nani. Mshauri asiyeweza kumwambia mwalimu mkuu "huyu msimfukuze kwa karo" anamshauri mtoto kuhusu nini?

Mwanasaikolojia, Kilimani

Mama Huruma amegusa kitu ambacho utafiti wa Bihar wenyewe unakiunga mkono, na mleta mada amekipita haraka. Mshauri wa kule hakukaa chumbani akisubiri. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuigusa shule yenyewe: malalamiko ya wanafunzi yasomwe, uonevu uwe na utaratibu wa kushughulikiwa. Ukimleta mtu wa nje ukamfungia kwenye kile chumba cha karibu na naibu, umenunua mwalimu mshauri wa pili, na huyu hata somo hafundishi.

Nina tahadhari kuhusu Shamiri pia. Naiheshimu kazi yao, lakini vikao vinne vya kikundi ni kwa dalili za kawaida. Mtoto anayefikiria kujiua, au anayedhulumiwa, hahitaji kikundi. Anahitaji kupelekwa mbele haraka, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari ikibidi, au angalau ajue kuna laini ya watoto, 116, ambayo haitozi hela. Kijana asiye na msimamizi mwenye taaluma ataogopa, au, jambo baya zaidi, hataogopa. Tangu 2014 tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia inayotaka mtu asajiliwe. Wengi wa walimu washauri hawajasajiliwa, na vijana hawa pia hawajasajiliwa, basi tusijifanye sheria inamkataza mmoja tu.

Na tusidhani kila kitu chenye jina zuri kinafanya kazi. Uingereza walijaribu kuwafunza wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14 mbinu za kutuliza akili, walimu wakifundisha darasa zima. Matokeo yalitoka 2022: hawakuwa na nafuu kuliko waliobaki na mafunzo ya kawaida ya shule zao, na wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Kumhubiria kila mtu ni rahisi. Kumpata yule mmoja anayezama ndiyo kazi.

Mwalimu wa Kiswahili na Historia, Embakasi

Hapo kwa "kuhubiri" nakubaliana nawe mia kwa mia. Wakija wageni wa ushauri shuleni ni mahubiri ya saa mbili uwanjani, jua kali, halafu picha.

Mwalimu mkuu mstaafu, Dagoretti

Mnasahau pesa. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa anatengewa na serikali Sh22,244 kwa mwaka, na mkuu yeyote atakwambia zinavyofika: kwa mafungu, na zimechelewa. Mshauri wa nje ataajiriwa na bodi ya shule, maana yake mzazi ndiye atakayemlipa, mzazi yule yule wa Huruma. Shule za kibinafsi za Karen zinao washauri hao tayari. Tukisema kila shule imtafute wake, watoto wa Mathare watangoja.

Langu ni dogo na halihitaji shilingi. Mwalimu mshauri aondolewe kwenye kamati ya nidhamu leo. Asitumiwe mtoro wala aliyepatikana na simu, huyo ni wa naibu. Chumba kihamie upande wa maktaba, ambako mtoto akionekana haulizwi. Vijana wa nje waje kwa zamu, msimamizi mmoja mwenye usajili kwa shule kadhaa za mtaa mmoja, na kaunti ichangie.

Mleta mada

La msimamizi mmoja kwa shule kadhaa nalichukua. Bado sioni kwa nini mwalimu abaki na ufunguo.

Mwalimu wa Kiswahili na Historia, Embakasi

Kwa sababu saa kumi na nusu jioni, huyo msimamizi akiwa shule ya tatu, mtoto atabisha kwangu. Ya kamati nitaandika barua nijitoe. Naibu wangu atakasirika, maana sisi ndio wachache tuliokuwa tukipiga kura ya kumbakiza mtoto. Kiti changu akikalia nani, mzee, hilo hukulisema.

Mwalimu mkuu mstaafu, Dagoretti

Mwakilishi wa wazazi. Mama kama yule wa Huruma.

Mama wa watoto watatu, Huruma

Mkutano uwe Jumamosi basi. Siku za kazi niko sokoni.