Mbunge wa msimamo wa kati katika jimbo la Marekani: anayemwangusha ni mpiga kura au ni chama chake?

Mwalimu wa Uraia, Temeke

Wanajamvi, salaam. Ninafundisha Uraia katika shule moja ya sekondari hapa Temeke, na wiki iliyopita, nilipokuwa nikieleza mfumo wa shirikisho wa Marekani, nilitoa mfano wa Dede Scozzafava. Mama huyu alikuwa meya wa kijiji cha Gouverneur, kaskazini mwa jimbo la New York, kisha mwaka 1999 akaingia katika bunge la jimbo hilo kwa tiketi ya Republican na kukaa humo hadi 2010. Alihesabiwa kuwa mtu wa msimamo wa kati, kwa sababu katika masuala mazito kama utoaji mimba na ndoa za jinsia moja alikuwa upande wa wapinzani wa chama chake.

Mwaka 2009 chama kilimteua kugombea kiti cha Bunge la taifa katika uchaguzi mdogo. Doug Hoffman wa chama cha Conservative akajitokeza, vigogo wa Republican kama Sarah Palin wakamuunga mkono huyo, na tarehe 31 Oktoba, siku tatu kabla ya kura, Scozzafava akasimamisha kampeni yake. Kesho yake akawaomba wafuasi wake wampigie Bill Owens wa Democratic, naye Owens akashinda.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akauliza: “Mwalimu, kama wananchi wa kwao walimchagua miaka yote hiyo, ni nani hasa aliyemkataa?” Nilimjibu kwa maneno mengi, lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba sikumjibu. Naomba msaada wenu.

Binti Magomeni

Mwalimu, shikamoo. Kwanza naomba uwatenganishie wanafunzi neno “jimbo”, maana hapa kwetu mtoto akisikia jimbo anafikiria Ubungo au Kigamboni, yaani eneo la mbunge mmoja, wakati jimbo la New York lina bunge lake lenye mabaraza mawili, gavana wake na sheria zake za uchaguzi. Baraza alilokaa Scozzafava lina wajumbe 150, na kila mmoja anachaguliwa na watu wa eneo dogo wanaomfahamu kwa sura na kwa kazi. Eneo la Bunge la taifa ni kubwa zaidi, na wengi humo hawakuwahi kumpigia kura hata mara moja.

Jambo la pili ndilo ninaloliona kuwa kiini. Katika uchaguzi mdogo wa aina ile, New York haina kura za maoni; wenyeviti wa chama wa kaunti ndio waliokaa na kumteua. Kwa hiyo wanachama waliokuwa na hasira naye hawakuwa wamepata mahali pa kumkataa mapema, wakamwona ni mgombea wa kuletwa. Sisi tunalijua vizuri neno hilo. Mtu anaweza kuwa mchapakazi wa kweli, lakini akishaitwa wa kuletwa, kila sifa yake inageuzwa kuwa kosa. Nadhani Scozzafava aliumizwa na namna alivyoteuliwa kama alivyoumizwa na msimamo wake.

Mzee wa Mbagala

Marahaba kwa niaba ya Mwalimu, mwanangu, na umeeleza vizuri, ila mimi nina neno la kuongeza kutokana na niliyoyaona. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa kura za maoni za udiwani katika kata yetu. Diwani aliyekuwa madarakani ndiye aliyepigania mtaro unaopita nyuma ya nyumba yangu, ule uliotuokoa tusihame kila masika, na aliupata kwa kukubaliana na madiwani wa upande wa pili, akaunga mkono jambo lao nao wakaunga mkono lake. Siku ile ukumbini, juu ya meza ya mbao, tulifungua karatasi moja baada ya nyingine, naye akashika nafasi ya tatu. Nyuma yangu mjumbe mmoja akasema kwa sauti, “Huyu ni popo, hajulikani ni ndege au ni mnyama.” Hakuna aliyeutaja mtaro.

Sisemi kwamba wanachama hawana haki. Chama ni chao, na mtu anayekipinga kila siku lazima aulizwe. Linaloniuma ni kwamba waliopiga kura ukumbini ni wachache mno, na maelfu waliokauka miguu kwa sababu ya mtaro ule hawakuulizwa.

Scozzafava naye alilipa hata baada ya uchaguzi: aliporudi katika bunge la jimbo alivuliwa nafasi ya uongozi aliyokuwa nayo upande wa wachache, yaani chama chake kilichokuwa na wabunge wachache humo, na mwaka uliofuata hakugombea tena. Mwaka 2011 gavana Andrew Cuomo, wa chama cha Democratic, alimpa kazi serikalini ya kushughulikia serikali za mitaa, jambo alilolijua tangu akiwa meya.

Msomaji wa Kariakoo

Mwalimu, waoneshe wanafunzi pia mfano wa Lisa Murkowski. Naye alianzia katika bunge la jimbo, kule Alaska, kabla ya kuteuliwa seneta mwaka 2002 na baba yake aliyekuwa gavana. Mwaka 2010 chama chake kilimwangusha katika kura za maoni, akashindwa na Joe Miller. Lakini sheria ya Alaska iliruhusu mpiga kura kuandika kwa mkono jina lisilochapwa kwenye karatasi, naye akashinda hivyo. Miller alipinga karatasi zilizokosewa tahajia, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba kosa la herufi halifuti nia ya mpiga kura. Mwaka 2020 Waalaska wakapitisha utaratibu wa kura za awali zilizo wazi kwa wote, ambapo wanne wa juu husonga mbele, na mwaka 2022 Murkowski akashinda tena.

Kwetu mlango huo umefungwa: ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge apendekezwe na chama, na kwa ibara ya 71 akiacha uanachama anapoteza kiti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki.

Mwalimu wa Uraia, Temeke

Nawashukuru sana. Mzee wangu wa Mbagala, kisa cha mtaro nitakieleza darasani kwa ruhusa yako, bila kutaja kata. Kesho kipindi cha tatu nitawagawia wanafunzi karatasi tupu, niwatajie jina la Murkowski mara moja tu kwa sauti, kila mmoja aliandike anavyolisikia, kisha tukae wote kama maafisa wa Alaska na kuamua ni karatasi zipi zihesabiwe.