Tupeane uzoefu: kadi za kafara zilizofaa katika deki ya Commander mezani pa watu wanne

Mwanzilishi wa mada, Milimani, Kisumu

Wenzangu mnaocheza mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering hapa Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji jirani, naomba tukusanye uzoefu wetu wa kuchagua kadi za kafara kwa ajili ya deki za Commander, mtindo ambao deki ya kila mchezaji huongozwa na kiumbe maalumu aitwaye kamanda. Nazungumzia kadi zinazokutaka umtoe kiumbe wako mwenyewe aende kaburini (rundo la kadi zako zilizokufa au kutumika) ili upate faida fulani, pamoja na zile zinazokulipa kila anapokufa kiumbe. Ushauri mwingi tunaousoma uliandikwa kwa mchezo wa watu wawili wenye pointi 20 za uhai kila mmoja, ilhali sisi huketi wanne, kila mtu na pointi 40 na deki ya kadi 100 ambazo, ukiacha ardhi za kawaida, hazijirudii. Kwa hivyo kadi inayotisha kule yaweza kuwa mzigo huku. Tafadhali taja kadi, ueleze ilivyofanya kazi mezani, na useme kama ungali nayo.

Naanza mimi. Nilipokuwa nikimalizia deki yangu ya rangi nyeusi na nyeupe, nilibakiwa na nafasi moja, na washindani wa nafasi hiyo walikuwa Blood Artist na Zulaport Cutthroat. Wote wawili hugharimu mana 2 (mana ni nguvu ya kulipia kadi, itokayo hasa kwenye ardhi), na wote humpunguzia mpinzani uhai huku wakikuongezea wewe pointi 1. Tofauti ni kwamba Blood Artist humgusa mchezaji mmoja uliyemchagua, naye Zulaport Cutthroat humgusa kila mpinzani kwa mkupuo. Kwa kuwa una jumla ya pointi 120 za kumaliza kabla hujashinda, kadi inayopunguza 3 kwa kifo kimoja huonekana bora moja kwa moja.

Hata hivyo nilimchagua Blood Artist, na sababu ni kwamba Zulaport Cutthroat huhesabu vifo vya viumbe wako tu, ilhali Blood Artist huhesabu vifo vya viumbe wa kila mtu. Mezani pa wanne hujaa viumbe, na ni nadra mchezo kwisha kabla mtu hajacheza kadi ya kufagia meza kama Wrath of God. Viumbe wote wanapokufa kwa wakati mmoja, Blood Artist akiwa miongoni mwao, kila kifo huhesabiwa pamoja na chake mwenyewe, na mchezaji aliyekuwa akipumua kwa pointi 15 huondoka mezani kwa kadi ya mtu mwingine kabisa. Baadaye nilimpatia Zulaport Cutthroat nafasi pia, lakini ningelazimishwa kubaki na mmoja, msimamo wangu ungekuwa uleule.

Mchangiaji wa Section 58, Nakuru

Nakubaliana nawe kuhusu Blood Artist, ingawa naona umeanzia kwenye mavuno kabla ya kutaja machinjio. Deki ya kafara isiyo na mahali pa kumtolea kiumbe bila malipo ya mana ni deki ya kusubiri wengine wakuulie viumbe, na hao wakishatambua unachotaka, watakunyima. Viscera Seer hugharimu mana 1 tu, na kila kiumbe unayemtoa hukuruhusu kutazama kadi ya juu ya rundo lako na kuamua ibaki pale au ishuke chini. Faida hiyo ni ndogo, nami siichezi kadi hiyo kwa ajili yake. Naicheza kwa sababu kafara ikiwa ni gharama ya uwezo, hakuna mpinzani anayeweza kuingilia kati ya kulipa na kilicholipwa. Mtu akimlenga kiumbe wangu kwa Swords to Plowshares ili amwondoe nje ya mchezo, mimi humtoa kafara papo hapo, akafa kwa manufaa yangu, nayo kadi ya mpinzani ikakosa wa kumgusa. Vivyo hivyo kwa anayetaka kumteka.

Kwa meza ya watu wengi napenda zaidi Ashnod's Altar, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1994, kwa kuwa si kiumbe na hivyo hubaki imesimama baada ya Wrath of God kupita. Kila kiumbe hugeuka mana 2 zisizo na rangi. Phyrexian Altar hutoa mana 1 ya rangi yoyote, nayo ina nguvu zaidi katika deki ya rangi tatu, lakini bei yake ni ya kumfanya mtu auze simu. Kundi letu limekubaliana kuruhusu nakala: tunazichapisha saiba, tunazikata vizuri na kuziweka katika kifuko cha plastiki mbele ya kadi ya kawaida ili uzito usitofautiane wakati wa kuchanga. Sharti letu ni kwamba nakala isomeke, kwa sababu nusu ya mabishano ya mezani hutokana na mtu kutegemea kumbukumbu badala ya maandishi.

Mwanafunzi, Kakamega

Langu ni fupi. Sisi wenye bajeti ndogo tujaribu Reassembling Skeleton na Skullclamp. Wa kwanza hurudi mezani kutoka kaburini kila unapolipa mana 2, akiwa amelala (kadi imegeuzwa ubavu), lakini kulala hakumzuii kutolewa tena. Skullclamp hugharimu mana 1 na kumvisha kiumbe ni mana 1 nyingine. Humwongezea nguvu 1 na kumpunguzia ustahimilivu 1, hivyo tokeni (kiumbe asiye na kadi yake kwenye deki, anayewakilishwa na alama tu) yenye nguvu 1 na ustahimilivu 1 hufa palepale nawe ukachukua kadi mbili. Tokeni nazo hufa kama viumbe wengine na Blood Artist huzihesabu, jambo ambalo watu hubishana nalo kila mara. Mezani kwetu tokeni ni punje za mahindi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa upepo.

Mchangiaji wa Bungoma

Naomba nizungumzie Grave Pact, kwa maana naona kila mtu akiipita kimya. Hugharimu mana 4, tatu kati yake zikiwa nyeusi, na kila kiumbe wako anapokufa, kila mchezaji mwingine hulazimika kumtoa kafara kiumbe wake. Kwa meza ya wanne, kiumbe mmoja dhaifu wa kwako huondoa watatu wa wapinzani, na hakuna ulinzi wa kawaida unaowasaidia: kutoa kafara si kuangamizwa, kwa hivyo kiumbe asiyeangamizika hutolewa vilevile, wala hakuna kiumbe anayelengwa, kwa hivyo yule asiyeweza kulengwa hana kinga. Nimewahi kuwa na Grave Pact na Viscera Seer pamoja katika zamu za mwanzo, na kwa muda mrefu hakuna mpinzani aliyeweza kubaki na kiumbe.

Ilifanya kazi, kwa hakika. Lakini tangu siku ile, kila niliposhika mana tatu nyeusi, watu watatu waliokuwa hawapatani waliungana ghafla. Kadi hii haiwashindi wapinzani. Huwaacha mezani bila la kufanya, na mtu asiye na la kufanya huwa na wakati mwingi wa kukuwazia wewe. Siku hizi huicheza pale tu ninapoweza kumaliza mchezo katika zamu mbili hivi. Dictate of Erebos ina kazi ileile kwa mana 5, ila yaweza kuchezwa katika zamu ya mwingine, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa hawapati zamu nzima ya kujipanga dhidi yake.

Kuna pia Fleshbag Marauder wa mana 3, ambaye akiingia kila mchezaji hutoa kiumbe mmoja, nawe waweza kumtoa yeye mwenyewe. Dhidi ya mwenye punje za mahindi ishirini hana maana, kwa kuwa atatoa punje. Dhidi ya mtu aliyeegemea kamanda wake peke yake ni balaa, maana mwenyewe atalazimika kumcheza kamanda huyo tena kwa mana 2 za ziada. Diabolic Edict nimeiondoa, kwa sababu inamgusa mchezaji mmoja na kuwaacha wengine wawili wakikushukuru.

Mchangiaji wa Kondele, Kisumu

Mmezungumza vizuri, ila wote mmetegemea kaburi. Mezani kwetu kuna jamaa asiyekosa Rest in Peace. Ikishakaa mezani, kila kadi na tokeni ambayo ingeenda kaburini huondolewa nje ya mchezo, na kwa kanuni kiumbe asiyefika kaburini hakufa. Blood Artist, Zulaport Cutthroat, Grave Pact na hata Skullclamp hunyamaza kwa pamoja.

Ndiyo maana nachagua kwanza kadi zinazosema "anapotoa kafara" kuliko zinazosema "anapokufa". Mayhem Devil, wa rangi nyeusi na nyekundu, hutoa dhara la pointi 1 popote upendapo kila mchezaji yeyote anapotoa kafara kitu chochote cha kudumu, kiwe kiumbe, ardhi au tokeni ya Treasure (hazina unayoitoa kafara ili upate mana). Wachezaji wanne wa leo hutumia Treasure kwa wingi, na kila moja wanayoitumia hutolewa kafara, kwa hivyo wanajichoma wenyewe. Kamanda wangu ni Korvold, Fae-Cursed King, ambaye hukua na kunipa kadi kila ninapotoa kafara kitu cha kudumu, na Rest in Peace haimzuii hata kidogo.

Rangi nyekundu pia huniletea Act of Treason. Humteka kiumbe mkubwa wa mpinzani mmoja kwa zamu moja, nikamshambulia mpinzani wa pili, kisha nikamtoa kafara kabla hajarudi kwao. Hapo yale machinjio ya bure ya ndugu wa Nakuru ni ya lazima, maana bila hayo unamrudishia mwenyewe kiumbe wake akiwa na hasira.

Mwanzilishi wa mada, Milimani, Kisumu

Ndugu wa Kondele, hoja yako ina uzito, lakini katika deki yangu kamanda ni Teysa Karlov, ambaye hufanya uwezo unaoamshwa na kifo cha kiumbe uamke mara ya pili. Kadi za "anapotoa kafara" hazimnufaishi, kwa kuwa kinachoziamsha si kifo. Kwa hivyo nitabaki na Blood Artist, na nafasi ya Diabolic Edict nitaijaza kwa kadi ya kuvunja Rest in Peace. Anguished Unmaking inaniingia akilini, kwani ni ya rangi zangu na huondoa kitu chochote kisicho ardhi kwa mana 3 na pointi 3 za uhai wangu, ambazo Blood Artist atanirejeshea.

Mchangiaji wa Section 58, Nakuru

Ukumbuke tu kwamba tangu mwaka 2020 kamanda akifa hufika kaburini kwanza ndipo mwenyewe aamue kumrudisha mahali pake. Teysa akitolewa kafara, Blood Artist naye humhesabu.