Mchuchumio kila siku: bado mnavaa, au nimebaki peke yangu?

Habari zenu wapendwa. Dada zangu hasa, naomba ushauri.

Nina miaka 34, na tangu nianze kazi karibu miaka 10 iliyopita nimekuwa mtu wa mchuchumio, sentimita 8 mpaka 10, Jumatatu hadi Ijumaa. Sasa nikiangalia miguu ya wenzangu ofisini ni raba na flati tupu. Mimi ndiye ko-ko-ko koridoni, watu wanajua nimefika kabla hawajaniona.

Ningeacha, ila kuna tatizo. Nikivaa flati siku nzima, kigimbi kinavuta na nyuma ya kisigino panauma, asubuhi nashuka kitandani kwa ncha za vidole. Nimesoma kwamba kisigino kikizoea kukaa juu miaka mingi, misuli ya kigimbi hufupika na kano yake hukakamaa. Kumbe kiatu cha chini ndicho kinanitesa! Na mchuchumio nao haunihurumii: uzito wote unaangukia mbele, nina sugu chini ya kidole gumba.

Nimejaribu kubadili ghafla, nikashindwa siku ya nne. Soli za sponji zimesaidia kidogo tu.

Aliyewahi kuacha, ulishukaje? Ulipitia sentimita 5, kisha 3, na ilichukua muda gani? Na mnaovaa bado kila siku, mnavaa kutwa au mnabadilisha mkifika?

Daktari nitamwona, ila nataka kusikia yaliyowakuta nyie.